MWANGA, LAMBO NA MAZIGAZI
Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Bute, Wajir ya Kaskazini



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya mwendo wa mwanga. Labda mtu atauliza, jambo hili latuhusu nini sisi wenye ngamia na mbuzi? Latuhusu sana, kwa sababu mwanga ubadilipo mwendo huyadanganya macho, na katika nchi kavu kama hii macho yakidanganyika mtu aweza kupoteza maisha yake.

Mahali patupu pasipo hewa, mwanga huenda kilomita 299,792 kwa sekunde moja. Katika hewa hupungua kidogo sana. Katika maji huenda kilomita 225,000 hivi, katika kioo cha kawaida karibu 200,000, na katika almasi 124,000 hivi. Mtaalamu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri yapata miaka elfu iliyopita, alikwisha kuandika kwamba mwanga hupunguza mwendo katika vitu vilivyoshikamana zaidi. Mwaka 1850 Mfaransa Léon Foucault alithibitisha kwa vyombo kwamba mwanga huenda polepole majini kuliko hewani.

Sasa fikirini ngamia waendao ubavu kwa ubavu, wakitoka ardhi ngumu na kuingia matopeni kwa mshazari. Wale watanguliao kukanyaga matope hupunguza mwendo, hali wenzao wangali wakienda upesi. Basi safu nzima hugeuka. Mwanga nao hupinda hivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo lambo la maji matulivu huonekana halina kina kirefu. Lambo la meta 2, ukilitazama wima kutoka juu, huonekana kama la meta 1 na nusu. Ukilitazama kwa mshazari kutoka ukingoni, kama watoto wafanyavyo, huonekana fupi zaidi. Mtoto hudhani maji yatamfika kiunoni, kumbe yatampita kichwa. Na maji ya matope ni ya hatari vile vile, kwa kuwa chini hakuonekani kabisa. Basi msiyaamini macho. Chukueni fimbo ndefu, mwitie wima mpaka iguse chini, kisha mtazame alama ya maji juu yake. Hicho ndicho kina cha kweli.

Jambo la pili ni mazigazi. Wakati wa adhuhuri hewa iliyo karibu na ardhi huwa ya moto na nyepesi, na mwanga hupita humo upesi kidogo kuliko katika hewa ya juu. Basi mwanga utokao mbinguni hupinda kuelekea juu kabla ya kufika chini, ukaingia machoni kana kwamba watoka ardhini. Mchungaji hudhani ameona maji, kumbe ni sura ya mbingu. Akiyaendea, nayo hurudi nyuma. Mwenye kiu asiiache njia ijulikanayo kwa ajili ya mng'aro huo. Na atafute nyayo za mifugo zielekeazo kisimani.

Macho ni neema kubwa, lakini yahitaji kusaidiwa na akili. Wafundisheni watoto wenu habari hii kabla hawajatumwa lamboni.