Waliomaliza Dozi Wasisahauliwe



Muda si mrefu mmoja wenu wahitimu atapangiwa kazi katika zahanati ya Kisauni au Kongowea, hapa Mombasa. Ataingia hamali wa sokoni mwenye mabaka mapya mgongoni. Ni rahisi kumwandikia dawa ya fangasi aende zake, bila kumuuliza kama aliwahi kutibiwa ukoma.

Kenya ilishusha ukoma chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000 tangu 1989. Ni fahari ya haki, na iliyoileta ni tiba ya dawa mseto ya 1981: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Hata hivyo wagonjwa wapya bado huonekana Kwale na Kilifi, na watu wa huko huja Mombasa kutafuta riziki.

Mwenye bakteria wengi humeza dawa miezi 12, kisha jina lake hutolewa kwenye orodha ya wagonjwa. Bakteria wa ukoma naye hana haraka; hujigawa mara moja kwa takriban wiki 2. Wachache wakisalia mwilini, huchukua miaka kujitokeza tena. Shirika la Afya Duniani lilikadiria 1994 kuwa mgonjwa kama 1 kati ya 100 hurudiwa ndani ya miaka 9. Wastani huo huficha mengi: huko Bamako, Mali, ripoti ya 1995 ilionyesha wagonjwa 7 kati ya 35 wamerudiwa, ingawa walitibiwa miaka 2. Wote 7 walikuwa na bakteria wengi mno walipoanza dawa.

Kuna mtego hapa. Baka la zamani likivimba ghafla na kuwa jekundu, mishipa ikauma, mara nyingi huo ni mpambano wa kinga ya mwili, na tiba yake ni predinisoloni. Ugonjwa uliorudi huja taratibu, kwa mabaka mapya, na huhitaji dawa mseto upya. Anayekosea kutofautisha humgharimu mgonjwa vidole, hata macho.

Kwa hiyo pimeni majimaji ya ngozi, na wakagueni walio nyumbani mwa mgonjwa. Kila anayemaliza dozi mpeni kadi yenye historia ya tiba yake, na mwambieni arudi akiona baka jipya, hata ikipita miaka 15.