Cherehani Iliyonyamaza

Mazungumzo ya mwanachama mmoja mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Msambweni



Waliosimama hapa kabla yangu wamezungumza juu ya karo, maji na ardhi, nayo ni mambo makubwa. Mimi naja na jambo dogo, tena la chuma. Lakini nadhani hakuna mwanachama hapa asiyejua nyumba yenye jambo hili: cherehani kuukuu iliyofunikwa leso pembeni mwa chumba, haijashona kitu kwa miaka, na juu yake pamewekwa redio.

Nyumbani kwetu ilikuwako moja, nayo ilikuwa ya marehemu mama. Kwa cherehani ile alishona sare za shule, foronya na magauni ya sikukuu, na karo yangu mimi ninayesema mbele yenu ilitoka katika pedali ile. Alipofariki, ilikaa miaka minne karibu na dirisha, upande unaovuma upepo wa bahari, wala hakuna aliyeigusa. Kisha binti wa dada yangu akamaliza mafunzo ya ushonaji, akarudi nyumbani na cheti chake lakini hana chombo. Akaniuliza, "Mjomba, ile cherehani ya bibi mwaifanyia nini?"

Nikamwita fundi. Alijaribu kuzungusha gurudumu mara moja, likakataa, akasema, "Hii imekufa. Uzeni chuma chakavu." Na wiki ile ile mnunuzi wa chuma akapita na mizani yake, akataja bei isiyotosha kununua hata kitambaa cha sare moja. Binti hakusema neno. Aliivuta leso, akaifunika cherehani tena. Wazee wangu, ukimya ule ndio ulionifanya nishike bisibisi, mimi ambaye sikupata kushona hata kifungo.

Nitawaeleza niliyojifunza pamoja na makosa yangu, ili asiyejua aanzie mahali nilipofika mimi.

Neno la kwanza ni kwamba bisibisi si ya kuanza nayo. Mimi nalianza nayo, na kosa hilo lilinigharimu. Nililegeza skrubu inayoshika mti wa sindano, nikidhani ndipo penye ugonjwa, na mti wote ukashuka. Ikanibidi kumlipa fundi mwingine, mzee wa Ukunda, aurudishe mahali pake. Mzee yule hakunicheka. Alinikalisha, akanieleza jinsi cherehani inavyofanya kazi, na maelezo yake yalikuwa na thamani kuliko fedha niliyompa.

Alisema hivi: Sindano hushuka na uzi wa juu, ikapenya nguo. Inapoanza kupanda, uzi hulegea kidogo karibu na tundu la sindano, ukafanya kitanzi. Saa ile ile ncha ya ndoano iliyo chini hupita, ikakidaka kitanzi kile na kukizungusha kwenye bobini, na nyuzi mbili zikafungana. Kitanzi kisipotokea, au ndoano isipokidaka, hapana mshono. Ajuaye hili hatatengeneza kwa kubahatisha.

Basi utaratibu wa kuitazama cherehani iliyokataa kazi ni huu, kuanzia lililo jepesi hata lililo zito.

Kwanza, tafuta ugonjwa uko wapi. Toa uzi wa juu, toa bobini, vua mkanda, kisha kanyaga pedali peke yake. Pedali ikiwa nzito, kosa liko chini ya meza, wala kichwa hakina lawama. Pedali ikiwa nyepesi, geuza gurudumu la kichwa kwa mkono, likija upande wako. Likiwa gumu, aghalabu ni moja katika matatu: uzi uliokwama kwenye ndoano, mafuta yaliyoganda, au kutu. Likizunguka vyema lakini mshono ni mbaya, tazama sindano na uzi kabla ya kumwita mtu yeyote.

Ya mama haikuzunguka, na sababu yake ilitupasa kuona haya. Wakati mafuta ya cherehani yalipokosekana, sisi wenyewe tuliitia mafuta ya nazi, kwa kuwa yako karibu. Mafuta ya nazi ni mema kwa nywele na ngozi, lakini ndani ya cherehani hukauka yakawa kama gundi, na vumbi la nguo likanata humo. Mafuta ya kupikia ni vivyo hivyo, wala grisi ya gari haifai. Kinachotakiwa ni mafuta mepesi ya cherehani, yaliyo maangavu kama maji.

Dawa ya mafuta yaliyoganda ni mafuta ya taa, nayo hutumiwa mbali na moto. Tia tone moja moja katika kila tundu la mafuta na kila kiungo, geuza gurudumu huku na huku bila kulilazimisha, uiache hata kesho. Siku ya kwanza gurudumu letu lilisogea upana wa kidole. Siku ya tatu likafika nusu. Siku ya tano, baada ya magharibi, lilizunguka lote, na mlio wake tuliutambua sote tuliokuwamo nyumbani. Dada yangu alitoka jikoni akasimama mlangoni, mwiko mkononi, asiseme kitu. Lakini angalieni: mafuta ya taa husafisha tu, hayalainishi. Yakimaliza kazi, yafuteni kwa kitambaa, kisha mtie mafuta ya cherehani, la sivyo chuma kitasagana na chuma.

Pili, sindano. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote, nacho huleta taabu nyingi. Hapa pwani sindano hupata kutu hata ikiwa haitumiki. Iliyopinda hujulikana ukiilaza juu ya kioo. Iliyo butu huruka mishono na kuvuta nyuzi za nguo. Basi weka mpya kabla ya kulaumu kitu kingine. Cherehani nyingi za nyumbani za Singer, na za China kama Butterfly zilizofuata umbo lake, hutumia sindano ya namna ya 15x1, ambayo katika pakiti nyingine huandikwa HAx1. Kwa pamba ya kawaida namba 90/14 yafaa, na kwa kitambaa kizito cha sare 100/16. Isukume juu hata ifike mwisho, ndipo uikaze. Tena itazame vizuri: upande mmoja una mfereji mrefu, na upande wa pili juu yake ni bapa. Uzi huingia kutoka upande wa mfereji, na upande bapa huelekea kwenye ndoano. Ukiigeuza, kitanzi hutokea upande usio na ndoano, na hata ukanyage mpaka alfajiri haitashona.

Tatu, uzi. Mzee wa Ukunda alinipa neno moja ambalo sitalisahau: fujo ikionekana chini ya nguo, kosa tafuta juu. Sisi wageni wa kazi hii tukiona nyuzi zimejikunja chini kama kiota cha ndege, twaikamata bobini na kuilaumu. Kumbe mara nyingi uzi wa juu ndio haukupita kati ya vile visahani viwili vinavyoubana, au haukuingia katika tundu la mkono ule unaopanda na kushuka. Basi uvue uzi wote uutie upya. Inua kwanza mguu unaobana nguo, kwa maana katika cherehani nyingi visahani hufunguka mguu ukiwa juu. Nao ukianza kushona, shika ncha za nyuzi zote mbili mpaka mishono miwili mitatu ipite.

Nne, uchafu. Fungua skrubu mbili za bamba lililo chini ya sindano, uangalie kati ya meno yanayosukuma nguo. Mle ndani nalitoa pamba iliyoshindiliwa kama kitambaa kizima, na ndiyo iliyozuia meno yasipande, na nguo isiende. Tumia burashi ndogo au kijiti. Kisha pitisha kipande cha karatasi nyembamba chini ya kibati kinachobana uzi kwenye kikasha cha bobini, kwani unyuzi mmoja ukikwama pale huharibu mshono wote.

Tano, ndipo ugeuze ukazo wa uzi, tena kidogo kidogo. Uzi wa chini ukitokea juu ya nguo, uzi wa juu umekazwa mno, ulegeze. Uzi wa juu ukionekana chini, ukaze. Jaribu kwenye kitambaa kibovu, cha unene ule ule wa nguo utakayoshona.

Ukiyafanya hayo matano na bado inaruka mishono, simama hapo. Huenda ndoano na sindano hazikutani kwa wakati wake, na kazi hiyo ni ya fundi. Lakini utakwenda kwake ukijua unachomwambia, na yeye atajua kwamba hawezi kukuambia kitu kilicho hai kimekufa.

Wazee wangu, si vyema kuidharau cherehani kwa uzee wake. Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake huko Marekani mwaka 1851. Kiwanda kikubwa cha kampuni hiyo huko Clydebank, Scotland, kilichoanza kazi katika miaka ya 1880, kilifungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekwisha, na cherehani zilizotoka humo zingali zikishona katika vibaraza vya watu. Kilicho adui yao hapa kwetu ni hewa ya chumvi na uvivu wetu. Isikae karibu na dirisha la baharini. Ifunikwe kila jioni. Ipakwe mafuta kila mwezi, hata kama haikufanya kazi, na masika yanapokaribia, chuma chake kipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa naomba mkutano huu ufikiri mambo matatu. La kwanza, kabla Chama hakijatoa mkopo wa cherehani mpya kwa binti yeyote, na iulizwe kama nyumbani kwao hakuna iliyolala. La pili, Chama kinunue chupa za mafuta, pakiti za sindano, burashi na bisibisi mbili nzuri, viwekwe ofisini vya kuazimana. La tatu, iwekwe siku moja kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari, kila mwenye cherehani iliyonyamaza ailete, tuitazame pamoja, na fundi mmoja wa kweli alipwe kwa zile zitakazotushinda. Gharama ya hayo yote, kwa hesabu yangu, haifiki bei ya cherehani moja mpya.

Mtaniuliza habari ya cherehani ya mama. Sitawaambia kwamba imekuwa mpya. Kile kigurudumu cha kujazia bobini kimelika, hakishiki, na hata leo binti hujaza bobini kwa mkono, akikaa kizingitini. Lakini Januari iliyopita alishona sare za wadogo zake watatu, kisha za jirani, kisha za watu tusiowajua. Yule mnunuzi wa chuma alipita tena na mizani yake. Alisikia mlio ule ukitoka dirishani, akaendelea na safari yake.