Mizani ya Mnunuzi
Dominika ya 25 ya Mwaka C



Masomo ya Dominika hii yanatupeleka sokoni. Nabii Amosi anawakemea wafanyabiashara wanaopunguza kipimo, wanaopandisha bei na kuipotosha mizani, hata maskini akageuzwa bidhaa. Naye Bwana wetu, katika sura ya 16 ya Injili ya Luka, anatufundisha kwamba uaminifu wa mtu katika mambo makubwa hupimwa kwanza katika madogo. Leo tungependa kuwasimulia jambo dogo lililotupata sisi wenyewe.

Sisi tuliokua enzi za saa za kutia ufunguo tunazipenda hata leo. Saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, Seiko Astron, ilitolewa mjini Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, siku ya Noeli. Tangu hapo saa za betri zilienea duniani kote, na zile za zamani zikaanza kutafutwa kama kumbukumbu. Basi, tukiwa hapa Itiryo, tuliona kwa simu, katika soko la mtandaoni, picha ya saa ya Omega ya miaka ya 1960. Mwuzaji alikuwa binti wa Mwanza. Aliandika kwamba saa hiyo ni ya marehemu baba yake, na kwamba anataka shilingi 60,000. Sisi tulikwisha kujua kwamba saa ya namna hiyo, ikiwa halisi na nzima, huuzwa nchi za nje kwa mamia ya dola.

Tulijihadhari kama inavyompasa mnunuzi mwenye busara. Nani kati yetu hajapata kupokea ule ujumbe wa matapeli, unaotaka "ile hela" itumwe kwenye namba nyingine? Ndiyo maana wananchi wamepewa namba 15040 ya kutolea taarifa za ulaghai huo. Tulimwomba binti picha ya mashine ya ndani, kwa sababu namba iliyochongwa humo humsaidia fundi saa kukadiria mwaka wa kutengenezwa. Tulikataa kutuma fedha kabla ya saa kuonekana. Rafiki yetu aliyeko Mwanza aliipeleka kwa fundi, akahakikishiwa kwamba ni halisi.

Hapo ndipo tulipoanguka. Tukiisha kupata hakika, tulimwandikia binti: "Mwanangu, saa hii ni kuukuu. Kioo kimechubuka, mkanda umechakaa. Tunakupa 45,000." Akajibu: "Shikamoo mzee. Nimekubali, maana mdogo wangu amechaguliwa kidato cha tano na hana nauli wala sare." Rafiki yetu akamlipa mkononi, saa ikaja kwa basi hadi Tarime, nasi tukaivaa kwa furaha siku tatu. Siku ya nne tuliketi kutayarisha mahubiri haya. Tulipofika kwenye mizani ya Amosi, tuliutazama mkono wetu.

Wapendwa, tumezoea kudhani kwamba mwizi wa sokoni ni mwuzaji. Lakini kitabu cha Mithali, katika sura ya 20, kinatuonyesha mnunuzi anayekidharau kitu mbele ya mwenye nacho, kisha akiisha kwenda zake hujisifu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha waziwazi: mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akijua ni dhahabu, mnunuzi huyo amenunua kwa dhuluma, na amefungwa kurudisha. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inahesabu kuwa ni kinyume cha amri ya saba kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Ikiwa kupandisha bei hivyo ni dhambi, kuishusha hivyo kutaitwaje?

Tulimpigia simu binti yule. Tulimweleza thamani ya saa ya baba yake, tukampa hiari: arudishiwe saa yake na fedha abaki nazo, au apokee nyongeza hadi bei ya haki. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: "Kumbe ulikuwa unajua?"

Ndugu zetu, tumeungamisha watu kwa miaka mingi, lakini hakuna swali lililowahi kutuchoma kama hilo. Binti alichagua nyongeza. Hatukuwa nayo yote, hivyo tunailipa kila mwezi, na bado hatujamaliza. Wahenga walisema: rahisi ghali.

Labda wewe hununui saa. Lakini jirani yako ana mtoto mgonjwa, nawe unamnunulia mahindi yangali shambani kwa nusu ya bei. Mjane anahitaji fedha za mazishi, nawe unamwambia ng'ombe wake amekonda, hali machoni umekwisha kumhesabia faida mnadani. Au unanunua shamba la mzee asiyejua kusoma, kwa karatasi uliyoiandika mwenyewe. Kupatana bei si dhambi, na faida ya halali ni jasho la mtu. Dhambi ni kuyafanya machozi ya mwenzako kuwa jiwe la mizani yako.

Ninyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo, twaomba juma hili mwaulize waamini wenu swali la binti yule: tulipokuwa tunanunua, tulikuwa tunajua nini ambacho mwenzetu hakukijua? Na yeyote atakayeona deni, asingoje Kwaresima. Zakayo alianza kurudisha siku ileile Bwana alipoingia nyumbani mwake.

Saa ile ingali mkononi mwetu, nayo yaenda vizuri. Kila asubuhi tunapoitia ufunguo, tunakumbuka kwamba bado si yetu kwa haki, mpaka tumalize deni.

Mwenyezi Mungu awabariki. Amina.