Shule Ambayo Mtoto Asiyeona Ataitembea Peke Yake
Hotuba kwa walimu wakuu, bodi za shule, wazazi na wanakandarasi



Mtoto asiyeona huijua shule kwa nyayo, mikono na masikio. Akipata njia iliyo wazi kutoka langoni hadi darasani, na kutoka darasani hadi chooni, huizoea akaenda peke yake. Akiikosa, hungoja kushikwa mkono. Wapo wanaokataa kunywa maji asubuhi ili wasiombe kupelekwa msalani. Mwishowe mtoto hubaki nyumbani.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wengine na kufika mahali pote. Jedwali la Nne limekabidhi kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Hapo hatuna wa kumsukumia lawama.

Kazi nyingi ni ndogo. Madirisha ya chuma yanayofungukia kwenye veranda humgonga mtoto usoni, kwa sababu fimbo nyeupe hupapasa chini tu. Yafungukie ndani. Mitaro ifunikwe. Kingo za ngazi na nguzo zipakwe rangi inayoonekana, kama manjano juu ya saruji ya kijivu, kwa kuwa wengi wenye ulemavu wa macho bado wanaona kidogo. Mwenye ualbino aketi mbele, mbali na mwangaza mkali wa dirishani.

Kwa kiti cha magurudumu, kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za mteremko. Sakafu iliyoinuka sentimita 30 itahitaji mteremko wa mita 3.6. Milango isipungue upana wa sentimita 90, na wa choo ufungukie nje.

Wanakandarasi, haya yakiwa kwenye ramani kabla ya msingi kuchimbwa, gharama yake ni ndogo. Yakisahauliwa, tutalipa mara ya pili kuvunja na kujenga upya.

Walimu wakuu, kabla ya kutia sahihi ya kupokea jengo, mwiteni mwanafunzi mwenye ulemavu pamoja na mzazi wake walitembee. Akikwama, kazi haijaisha. Baada ya hapo, madawati yasihamishwe bila yeye kuambiwa, wala kokoto zisimwagwe njiani kwake.