Yuniti Hazitoshi: Kwa Nini Kariakoo Ipime Ampea



Usiku wa Julai 10, 2021 moto uliteketeza Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam, jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Sijadili hapa chanzo cha moto ule. Nautaja kwa sababu ulituonyesha jinsi mitaji ya watu wengi inavyoweza kuteketea kwa usiku mmoja pale maduka yanapobanana. Katika mitaa inayolizunguka soko, fremu nyingi hutegemea nyaya za jengo moja, na kipimo ambacho mfanyabiashara hukitazama ni salio la yuniti kwenye mita ya umeme ya LUKU. Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho hakitoshi. Kila njia ya umeme inayoingia kwenye fremu ipimwe ampea pia.

Tuanze na hesabu. Fremu mbili zimetumia yuniti 10 kila moja kwa siku. Ya kwanza imewasha vifaa vya kilowati 1 kwa saa 10; ya pili vya kilowati 5 kwa saa 2. LUKU imezikata sawasawa. Lakini kwa umeme wa volti 230, ya kwanza imepitisha takriban ampea 4.3, na ya pili 21.7. Mkondo ukiongezeka mara 2, joto ndani ya waya huongezeka mara 4. Ukiongezeka mara 5, joto ni mara 25. Kama waya huo ni wa milimita 1.5 za mraba, uliotandazwa kwa ajili ya taa, ganda lake huzeeka ndani ya bomba bila mtu kuliona. Mwenye fremu anajua amelipa kiasi gani. Hajui waya wake umebebeshwa mzigo gani.

Vihisi vya kupima mkondo havina bei kubwa. Kipo ACS712, ambacho mkondo wenyewe hupita ndani yake. Kile cha ampea 30 hutoa milivolti 66 kwa kila ampea. Ila kukifunga ni lazima waya ukatwe na ncha zikazwe kwa skrubu, yaani tunaongeza maungio mapya wakati maungio malegevu ndiyo adui wetu. SCT-013 ni kibanio kinachouzunguka waya bila kuukata; aina yake ya ampea 100 hutoa miliampea 50 mkondo unapofika kikomo hicho. Kwa Kariakoo nachagua hiki, kwa sharti moja: kibane fezi peke yake. Fundi akikizungushia kebo nzima, mkondo unaokwenda na unaorudi kwenye nyutro hufutana, na kioo cha kusomea vipimo kitaonyesha sifuri huku kiyoyozi na pasi vinafanya kazi.

Wapo watakaosema breka inatosha. Breka ni ya lazima, wala kihisi hakichukui nafasi yake. Lakini breka hukata baada ya mzigo kuzidi. Na pale mtu alipoweka ya ampea 32 kwenye waya wa 1.5 kwa sababu ile ya awali ilikuwa inakatakata, haitakata kwa wakati. Wengine watasema vifaa rahisi havina uhakika. Ni kweli vinaweza kukosea kwa asilimia chache, na chaja na taa za LED huvuruga wimbi la mkondo, hivyo programu inayovisoma vihisi ichukue sampuli nyingi katika kila mzunguko wa milisekunde 20. Hata hivyo, kutofautisha ampea 12 na 22 hakuhitaji usahihi wa maabara. Kumtoza mpangaji fedha ni jambo jingine. Hiyo ni kazi ya mita iliyohakikiwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kihisi hakioni ungio legevu, ambalo huweza kuungua hata kwa mkondo wa kawaida. Nalikubali. Ndiyo maana kipimo kiandamane na ukaguzi wa fundi mwenye leseni.

Nawaomba wenye majengo wafunge vihisi hivi na kuweka kioo chake mahali ambapo wapangaji wote wanakiona. Nawaomba wapangaji wasikubali kifaa kipya kizito kuunganishwa kabla ampea hazijasomwa. Nasi vyuoni tuwafundishe mafundi kazi hii, tena bila kuchelewa.