Ufundi Tuuchukue, Sumu Tuiache
(Maneno ya kikundi kimoja cha Ukambani, siku ya mafunzo ya vikundi vya kujisaidia)



Tumeombwa tueleze kazi yetu ya kutengeneza mishale. Tunajua wengine mnanong'ona: "Hawa si wanafundisha watoto uwindaji haramu?" Hapana. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sisi hatuwindi.

Mzee mmoja wetu alipofariki, mjukuu wake alishusha podo kutoka darini akaanza kuchezea mishale. Vigumba vilikuwa bado vimefungwa ngozi laini, jinsi wazee walivyohifadhi sumu. Nyanya yake alipiga kelele, mtoto akaiachilia. Siku hiyo tuliona mambo mawili. Kwanza, sumu ya msunguti ikihifadhiwa hukaa miaka mingi na bado huua. Pili, ufundi wenyewe ulikuwa unakwenda kaburini, maana walibaki wazee wawili tu wanaoujua. Basi tukakubaliana: ufundi tuuchukue, sumu tuiache.

Kazi ni hivi:

1. Wano. Tunakata machipukizi ya mkone yaliyonyooka, unene wa kidole kidogo. Hatumalizi kichaka; shina likiachwa huchipua tena.

2. Kukausha. Tunaambua ganda, tunafunga fito pamoja na kuziweka kivulini wiki kadhaa. Juani zitapasuka.

3. Kunyoosha. Hapa ndipo penye kazi. Pasha mahali palipopinda juu ya makaa, si kwenye moto unaowaka. Kunja polepole upande wa pili, shika mpaka ipoe, kisha tazama kwa jicho moja kama fundi seremala. Rudia. Kijana mwenye haraka huvunja fito nyingi kabla ya kupata moja.

4. Mkia. Chonga mwanya wa kushika upote, halafu funga kano ya ng'ombe chini yake ili mti usipasuke.

5. Manyoya. Weka matatu, yote ya bawa la upande mmoja, ili mshale uende vizuri. Wazee walitumia ya tai. Siku hizi tai wamepungua na wanalindwa na sheria, kwa hivyo sisi tunatumia ya jogoo au bata mzinga.

6. Kichwa. Ni butu, cha mti mgumu. Hakuna chuma.

Mishale hii tunauza kama mapambo, na vijana hushindana kulenga gunia la nyasi. Faida si kubwa. Mzee wetu mmoja bado anatuambia kwamba mshale bila chuma ni kijiti tu! Tunamsikia, lakini bado anakuja kila Jumamosi kufundisha.

Mkitaka kuanza, mwoneni chifu kwanza. Msibebe pinde kuelekea mbugani; kuingia na silaha bila ruhusa ni kosa. Na ukikuta podo la zamani nyumbani, usiguse vigumba. Weka mbali na watoto, umwite mzee anayejua, umjulishe chifu.

Zaburi ya 127 inafananisha watoto na mishale mkononi mwa shujaa. Sisi tumejifunza kwamba fito hunyooshwa kwa joto na subira, si kwa nguvu. Nendeni mkawaulize wazee wenu wangali hai.