Kisahani cha UMD na Mashine Yake

Katika somo lililopita tulieleza santuri, na namna sindano isomavyo mifuo yake. Leo tutazungumza juu ya mjukuu wake mmoja, kisahani kilichoitwa UMD.

Chukua penseli na karatasi, uchore duara yenye upana wa sentimeta 6. Huo ndio ukubwa wake, yaani nusu ya upana wa CD. Kampuni ya Sony ya Japani ilikitengeneza kwa ajili ya mashine ya michezo ya kushika mkononi, PlayStation Portable, ambayo kwa ufupi huitwa PSP. Mashine hiyo iliuzwa kwanza Japani tarehe 12 Desemba 2004. Mwaka 2005 ikafika Marekani na Ulaya.

Kisahani kilifungwa ndani ya kibweta cha plastiki ili kisiguswe na vidole, na mwangaza wa leza ulikisoma kwa kupita katika uwazi ulioachwa nyuma ya kibweta. Kiliweza kubeba gigabaiti 1.8, zaidi ya CD mbili. Pengine utauliza, kwa nini hawakutumia kadi ya kumbukumbu, ambayo haina kitu cha kuzunguka na kula betri? Sababu ni bei. Mashine za kwanza huko Marekani ziliuzwa pamoja na kadi ya megabaiti 32 tu. Piga hesabu, utaona ya kuwa zingehitajika kadi zaidi ya 50 za namna hiyo kubeba yaliyomo katika kisahani kimoja.

Lakini Sony haikuridhika na michezo peke yake. Ilitaka watu wanunue na sinema pia. Wanunuzi milioni moja wa kwanza wa Marekani walipewa filamu ya Spider-Man 2 bure, na makampuni makubwa ya filamu yakaingia katika biashara hiyo. Haikudumu. Mtu aliyenunua filamu ya UMD hakuweza kuitia katika mashine ya DVD sebuleni, wala kuitazama katika televisheni pamoja na jamaa zake, kwa maana PSP ya kwanza haikuungika na televisheni. Toleo lililoweza lilitoka mwaka 2007. Na bei ilikaribia ile ya DVD ya filamu ile ile! Visahani vitupu vya kujirekodia navyo havikuuzwa kamwe. Mwaka 2006 makampuni ya filamu yalianza kujitoa, na maduka yakapunguza nafasi yake.

Michezo, hata hivyo, iliendelea kununuliwa. Mchezo wa Monster Hunter Portable 3rd, uliotoka Desemba 2010, uliuzwa Japani zaidi ya mara milioni 4.

Wakati huo kadi zilikuwa zimeshuka bei sana. Mwaka 2009 Sony ilitoa PSP Go, mashine isiyo na mahali pa kutia kisahani. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 16, na michezo ilinunuliwa kwa intaneti. Sasa fikiri kwamba wewe una visahani 20 ulivyonunua kwa jasho lako. Unanunua mashine mpya, kwa bei iliyo kubwa kuliko ile ya zamani, na havimo tena. Ukitaka mchezo ule ule, ulipe mara ya pili. Mimi naona hilo halikuwa haki, na wanunuzi wengi waliona vivyo hivyo, maana PSP Go iliachwa mwaka 2011. Mwishoni mwa mwaka huo ilitoka PlayStation Vita, nayo haikupokea kisahani. Japani peke yake palikuwa na mpango wa kuandikisha visahani na kulipa ada ili kupata nakala za baadhi ya michezo. Mwaka 2014 Sony ikaacha kupeleka PSP madukani.

Hata hivyo, kisahani kina jambo moja zuri: waweza kumwazima jirani, au kukiuza. Mchezo ulioupata kwa intaneti hauazimiki hivyo.

Ikiwa nyumbani kwako kuna PSP ya kijana wako, toa betri kabla ya kuiweka sandukuni, kwa sababu betri za zamani huvimba na kuharibu mashine. Kagua na vibweta. Ukiona kidirisha kimebanduka, usikitie kisahani hicho katika mashine mpaka ukigandishe vizuri kwa gundi kidogo pembezoni, na gundi iwe imekauka.